Jedwali lenye idadi isiyojulikana ndani ya kerneli: je, struct_size() inatosha?

Swali: Mwalimu, naandika draiva ya Linux kwa bodi ya ARM ya biti 32. Programu ya mtumiaji inaniletea jedwali kupitia ioctl, mwito ambao programu hutumia kuzungumza na draiva: kichwa kifupi chenye idadi, kisha rekodi nyingi au chache kufuatana na idadi hiyo. Nimekuwa nikitenga kumbukumbu kwa `kmalloc(sizeof(*t) + n * sizeof(struct rekodi), GFP_KERNEL)` na haijawahi kunisumbua. Sasa mkaguzi wa msimbo amenirudishia kiraka, anasema nitumie `struct_size()`, makro ya kerneli ya kukokotoa ukubwa wa muundo pamoja na safu yake. Tofauti ni nini hasa? Nikishaitumia niko salama? Na kwa majedwali madogo, siwezi kuweka safu kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya fanksheni, nikaepuka haya yote?

Jibu: Mkaguzi wako yuko sahihi, badilisha mstari huo leo. Lakini swali lako la pili ndilo zito, na jibu lake ni hapana. `struct_size()` inaziba tundu moja, la hesabu kufurika. Tundu kubwa zaidi ni pale namba mbili zinapodai kueleza ukubwa wa kitu kimoja na hakuna aliyezilinganisha. Hilo hakuna makro itakayokuzibia, utaliziba wewe.

Tuanze na hesabu. Nachukulia muundo wako unafanana na huu:

```c
struct rekodi {
        u64 anwani;
        u32 urefu;
        u32 alama;
};

struct jedwali {
        u32 idadi;
        u32 bendera;
        struct rekodi rekodi[];
};
```

Kichwa ni baiti 8, kila rekodi ni baiti 16. Sasa mtu mwenye nia mbaya analeta idadi ya 268435457. Zidisha kwa 16, unapata 4294967312. Kwenye bodi yako `size_t`, aina ya C ya kubebea ukubwa, ina biti 32, kwa hiyo haiwezi kubeba chochote kinachofika 4294967296. Ikifika hapo inaanza upya kutoka sifuri, na kinachobaki mkononi ni 16. Ongeza kichwa, jumla ni baiti 24. `kmalloc` haina njia ya kujua kwamba ulikusudia gigabaiti nne na ushee. Imeombwa baiti 24, inakupa kipande cha baiti 32 au 64 kutegemea kerneli yako ilivyojengwa, na pointa inarudi ikiwa halali kabisa. Ukaguzi wako wa `if (!t)` unapita bila neno.

Linalofuata ndilo hunitia wasiwasi zaidi. Huenda unafikiri kerneli itaanguka papo hapo, kwenye `copy_from_user`. Hapana. Ukiwa umeandika `n * sizeof(struct rekodi)` pale pia, hesabu hiyo nayo inafurika vilevile na kutoa 16. Zinanakiliwa baiti 16, kila kitu kinatulia, ioctl inarudisha sifuri. Sasa una jedwali lenye rekodi moja ya kweli na `t->idadi` inayosema ziko milioni 268. Madhara yanakuja baadaye, fanksheni nyingine kabisa inapopita kwenye jedwali kwa kuamini `idadi`, ikasoma na pengine kuandika juu ya vitu vya majirani kwenye hipu, eneo ambalo `kmalloc` hugawa kumbukumbu. Ripoti ya kuanguka kwa mfumo, ikipatikana, itataja fanksheni hiyo. Mstari wenye kosa hautaonekana popote. Ndiyo sababu "haijawahi kunisumbua" si ushahidi wa chochote: programu yako ya majaribio haijawahi kuleta namba hiyo.

`struct_size()` ilikuja na kerneli 4.18 mwaka 2018, kwenye `include/linux/overflow.h`. Inafanya hesabu ileile, ila kila hatua inakaguliwa kwa msaada wa kompaila, na jibu likizidi uwezo wa `size_t` halianzi upya, linagota kwenye kilele, `SIZE_MAX`. Hakuna kitenga kumbukumbu kitakachokubali ombi la ukubwa huo, hivyo unarudishiwa `NULL` na ukaguzi wako wa kawaida unashika kosa:

```c
t = kzalloc(struct_size(t, rekodi, n), GFP_KERNEL);
if (!t)
        return -ENOMEM;
```

Usiogope kuona `t` ikitumika ndani ya makro kabla haijapewa thamani. Makro inauliza aina yake tu, haifuati pointa kwenda popote.

Ulinzi huu una masharti mawili ambayo nakuomba uyashike, maana nayaona yakivunjwa hata kwenye viraka vya watu wazoefu. La kwanza, usiweke jibu la `struct_size()` kwenye kigeu chembamba kuliko `size_t`. Siku draiva yako itakapohamia kwenye bodi ya biti 64, ile idadi ya 268435457 itatoa jibu sahihi kabisa, 4294967320, bila kufurika wala kugota. Ukilihifadhi kwenye `u32 ukubwa`, biti za juu zinakatwa na unabaki na 24. Kosa lilelile limerudi kwa mlango wa nyuma. La pili, usiongeze kitu juu ya jibu kwa alama ya kujumlisha. `struct_size(t, rekodi, n) + 64` ikikutana na `SIZE_MAX` inakupa 63, na kinga yote imeondoka. Ukihitaji nyongeza tumia `size_add()`, na kwa kuzidisha `size_mul()`. Zote zinagota kileleni kama mama yao.

Kutoa ni hatari zaidi ya kujumlisha, ingawa kwa macho kunaonekana hakuna madhara. Mwaka 2022 ilitangazwa CVE-2022-0185 (CVE ni namba ya orodha ya umma ya kasoro za usalama) kwenye msimbo unaopokea vigezo vya mifumo ya faili. Hapo palikuwa na ukaguzi, na ulikusudiwa vizuri: `len > PAGE_SIZE - 2 - size`. Ukurasa ni baiti 4096. `size` ikifika 4095, upande wa kulia unapaswa kuwa hasi moja, lakini aina hiyo haina hasi, kwa hiyo inakuwa namba kubwa kupita zote na hakuna `len` itakayoizidi. Ukaguzi unapita daima, data inaendelea kuandikwa nje ya ukurasa. Kosa lilikaa tangu kerneli 5.1 ya mwaka 2019. Kiraka kilihamisha hesabu tu: `size + len + 2 > PAGE_SIZE`.

Sasa nije kwenye tundu kubwa. Mfano bora ninaoujua ni CVE-2021-43267, kwenye TIPC, itifaki ya mawasiliano kati ya mashine za kundi moja. Kerneli 5.10 iliiongezea ujumbe wa kupelekeana funguo za usimbaji, na muundo wake ni ndugu wa damu wa muundo wako: jina la algorithimu la baiti 32, kisha `keylen`, kisha safu ya `key[]` isiyo na urefu maalum. Fanksheni ya kupokea ilitenga kumbukumbu kwa ukubwa wa ujumbe uliofika. Hesabu hiyo ilikuwa sawa, hakuna kilichofurika. Kisha ikanakili ufunguo kwa urefu wa `keylen`, namba iliyokuwa imeandikwa ndani ya ujumbe huohuo na aliyeutuma. Ujumbe mfupi, `keylen` kubwa, na data inamwagika nje ya kipande kilichotengwa, tena ikitoka mtandaoni, kutoka mashine nyingine, mradi moduli ya TIPC imepakiwa. Mtafiti wa SentinelOne aliliripoti Oktoba 2021, na rekebisho liliingia kwenye 5.15.

Angalia vizuri: ungeweka `struct_size()` pale, ukatenga kwa ukubwa wa ujumbe na kunakili kwa `keylen`, shimo lingebaki wazi kama lilivyokuwa. Rekebisho lenyewe lilifanya mambo mawili. Lilidai ukubwa wa ujumbe ulingane kabisa na kichwa pamoja na `keylen`, na likaweka kikomo cha juu kwa `keylen`. Kulinganisha na kuwekea kikomo, basi. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka uifanye kwenye draiva yako, na uifanye mara moja, mlangoni, data inapoingia.

Nani analeta idadi kwako? Mtumiaji. Na kwenye ioctl kuna mtego ambao TIPC haikuwa nao: kumbukumbu ya mtumiaji inaweza kubadilika huku wewe unaisoma. Wengi husoma kichwa kwanza wapate idadi, wanatenga, kisha wananakili jedwali zima pamoja na kichwa chake. Wamesoma `idadi` mara mbili. Katikati, uzi mwingine wa programu ileile unaweza kuwa umeandika 5000 mahali palipokuwa na 5. Umetenga kwa 5, na ndani ya nakala yako sasa imekaa 5000. Andika hivi:

```c
struct jedwali __user *u = (void __user *)arg;
struct jedwali *t;
u32 n;

if (get_user(n, &u->idadi))
        return -EFAULT;
if (!n || n > JEDWALI_MAX)
        return -EINVAL;

t = memdup_user(u, struct_size(t, rekodi, n));
if (IS_ERR(t))
        return PTR_ERR(t);
if (t->idadi != n) {
        kfree(t);
        return -EINVAL;
}
```

Mistari minne ya mwisho ndiyo watu wanaisahau. Kutoka hapo kwenda mbele, `t->idadi` ni namba iliyokaguliwa na inalingana na kumbukumbu iliyotengwa, na fanksheni zote za ndani zina haki ya kuiamini. Kumbuka pia kwamba `memdup_user`, inayotenga na kunakili kwa pamoja, hairudishi `NULL` ikishindwa, inarudisha pointa yenye namba ya kosa, kwa hiyo `if (!t)` hapa haikamati kitu.

`JEDWALI_MAX` usiibuni hewani. Iulize mashine: kifaa chako kinaweza kushika rekodi ngapi? Tuseme 512. Hesabu: 512 mara 16 ni 8192, ongeza kichwa cha baiti 8, ni 8200. Kwenye kurasa za kilobaiti 4, mafungu ya `kmalloc` yanaishia baiti 8192. Ukivuka hapo hata kwa baiti 8, ombi linakwenda moja kwa moja kwa mgawaji wa kurasa, naye anagawa kwa vipimo vya mbili, nne, nane. Utapewa kurasa 4 zilizofuatana, kilobaiti 16, kwa ajili ya data inayozidi kilobaiti 8 kwa baiti 8 tu. Kwa rekodi 511 ungetosha kwenye fungu la 8192. Sikuambii ukate rekodi moja. Nakuambia uijue gharama, hasa kwenye bodi yenye kumbukumbu finyu ambako kurasa nne zilizofuatana huenda zisipatikane baada ya mfumo kukaa hewani wiki kadhaa. Kama jedwali linaweza kuwa kubwa na kifaa hakihitaji kumbukumbu iliyofuatana kimwili, tumia `vmemdup_user` na uachie kwa `kvfree`.

Bila kikomo, kwenye mashine ya biti 64 idadi ya `u32` inaweza kudai hadi gigabaiti 64 bila hesabu yoyote kufurika. `struct_size()` italipitisha ombi hilo kwa sababu kihesabu ni halali.

Kuhusu tangazo la safu lenyewe, hakikisha limeandikwa `rekodi[]`, mabano matupu, kama C ilivyoruhusu tangu kiwango cha 1999. Msimbo wa zamani umejaa `[1]` na `[0]`. Tangu 6.5, kerneli inajengwa kwa `-fstrict-flex-arrays=3` pale kompaila inapoijua, maana yake `[1]` sasa inachukuliwa kuwa safu ya kitu kimoja kweli, na wakaguzi wa mipaka watakulalamikia ukigusa cha pili. Lakini kama muundo wako ulishatoka kwa watumiaji ukiwa na `[1]`, usiufute kwa haraka. `_IOW`, makro ya kuunda namba za amri, huweka `sizeof` ya muundo ndani ya namba ya amri ya ioctl. Ukibadilisha `[1]` kuwa `[]`, `sizeof` inashuka kutoka 24 hadi 8, namba ya amri inabadilika, na programu zilizojengwa jana zinapata `ENOTTY`, kosa la amri isiyojulikana, leo. Hapo dawa ni kuiacha ile ya zamani na kuweka pembeni yake, ndani ya `union`, safu iliyotangazwa kwa `DECLARE_FLEX_ARRAY`. Ukubwa unabaki vilevile.

Kama kerneli yako ni 6.6 au mpya zaidi, ongeza hili:

```c
        struct rekodi rekodi[] __counted_by(idadi);
```

Hapa ndipo kompaila inaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba `idadi` na `rekodi` ni mtu na pacha wake. Ikiwa umewasha `CONFIG_UBSAN_BOUNDS` na `CONFIG_FORTIFY_SOURCE`, vikaguzi vya mipaka vya kerneli, kugusa rekodi iliyo nje ya idadi kunakamatwa wakati msimbo unakimbia. Unahitaji Clang ya karibuni au GCC 15. Kwa kompaila za zamani makro inakuwa tupu na haidhuru. Sharti lake ni moja, na linawakwaza wengi: andika `t->idadi = n` kabla ya kugusa `t->rekodi`. Ukitenga kwa `kzalloc`, ambayo hujaza sifuri kila mahali, kisha ukaanza kujaza rekodi huku ukiongeza `idadi` mwishoni, mkaguzi anaona idadi ni sifuri na kila rekodi ni uvamizi.

Jambo moja dogo linalovujisha siri. Chukua muundo wenye `u64 kitambulisho; u32 n; u8 data[];`. Kwenye bodi yako `data` inaanzia baiti ya 12, lakini `sizeof` ni 16 kwa sababu ya kupanga `u64` kwenye mpaka wa 8. Kutenga kwa `struct_size()` kunakuzidishia baiti 4, haina neno. Ila ukirudisha kwa mtumiaji kwa ukubwa huohuo, baiti 4 za mwisho ni zile ambazo hukuwahi kuziandika, na kama ulitumia `kmalloc` zina mabaki ya kitu cha mtu mwingine. Tenga kwa `kzalloc`, na unaporudisha pima kwa `offsetof` ya `data`, yaani mahali inapoanzia, pamoja na `n`. Muundo wako wa sasa hauna pengo hilo kwa kuwa kichwa chake kinaishia sawasawa kwenye 8, lakini siku ukiongeza uga mmoja wa `u32` kwenye kichwa litazaliwa pengo jingine la baiti 4, kati ya kichwa na rekodi, ambalo `offsetof` hailiepuki na ni `kzalloc` inayoliziba.

Swali la staki ni jepesi: usifanye. Kwenye ARM ya biti 32 staki ya kila uzi wa kerneli kwa kawaida ni kilobaiti 8, na kwenye x86-64 ni 16, na inatumiwa na mnyororo mzima wa fanksheni zilizokuita na utakazoziita. Safu ya urefu unaobadilika kwenye staki iliondolewa kabisa katika kerneli kufikia 4.20, na ujenzi una `-Wvla` ya kuwakumbusha wanaosahau. Kama una hakika jedwali dogo halizidi, tuseme, rekodi 8, tangaza safu ya 8 kamili na ukague idadi kabla ya kuijaza.

Ukimaliza kurekebisha, jenga kerneli ya majaribio yenye KASAN na UBSAN, vikaguzi vya makosa ya kumbukumbu na ya mienendo isiyofafanuliwa, iendeshe kwenye QEMU, kiigizi cha mashine, kwa biti 32 na kwa biti 64, na uilishe ioctl yako namba hizi: 0, 1, 512, 513, 268435457 na 4294967295. Ni 1 na 512 tu zinazostahili kupita, nyingine zote zirudi na `EINVAL`. Ukiona `ENOMEM` kwa 268435457, kikomo chako hakifanyi kazi: kwenye biti 32 umeokolewa na `struct_size()` peke yake, na kwenye biti 64 na kitenga kumbukumbu kilichokataa ombi kubwa hivyo. Kisha andika programu yenye nyuzi mbili, mmoja unaita ioctl bila kupumzika na mwingine unabadilisha `idadi` kati ya 5 na 500 kwa kasi. Iache ikimbie usiku kucha. KASAN ikinyamaza hadi asubuhi, mrudishie mkaguzi kiraka chako pamoja na programu hiyo ya majaribio.